Sugu

Swali la tisa, karatasi ya pili:
Mteja anataka kapsuli nne tu. Utamjibu nini?
Nilijibu kurasa mbili na nusu.
Nilieleza dozi, nikaeleza siku, nikachora
kijidudu kilichoachwa nusu hai
kikiwafundisha wanawe namna ya kuvunja kufuli.
Nikapata kumi na nane juu ya ishirini.
Mwalimu Makungu akaandika pembeni, wino mwekundu:
Umefahamu.

Likizo ikanikuta Wete, duka la dawa la mjomba Shaame,
feni moja, mizani ya watoto, picha ya meno ukutani.
Akaja Bi Mize wa Faki na pesa pembeni mwa kanga,
fundo dogo, gumu, la mtu asiyependa kulifungua.
"N'pe rangi mbili, n'ne.
Mbili za mjukuu, mafua yamemkaba.
Mbili za kuku."
Nikaanza: Bibi, mafua ni virusi, dawa hii haiwajui…
Akaningoja nimalize, kwa adabu,
kama unavyomngoja mtoto amalize sura aliyohifadhi jana.
Kisha: "Mwanangu, hiyo dozi nzima shilingi ngapi?"
Nikamtajia.
Akatazama fundo. Akanitazama mimi.
Nyuma yangu mjomba akakohoa.

Nilikata kwa mkasi.
Karatasi ile ya bati ikikatwa hulia kidogo,
sauti ya mtu anayemeza neno.

Sugu. Nililijua neno hili kabla ya darasa.
Lilikuwa kwenye paji la babu,
doa jeusi, zawadi ya mkeka,
paji lililorudi palepale mara tano kwa siku
hata ngozi ikaacha kuuma.
Lilikuwa viganjani mwa mama, kazi ya kamba ya kisima.
Sugu haiji kwa pigo moja zito.
Huja kwa kuguswa kidogo na kuachwa,
kuguswa kidogo
na kuachwa.

Dakhalia, Tunguu, usiku wa kuamkia mtihani:
Salhina koo linamuwasha.
Mkoba ukafunguliwa, mtu akatoa tatu,
mwengine anazo mbili zilizobakia jino la mwezi wa Shaabani.
Tukagawana kama tende.
Wiki ya pili zikaja fomu za utafiti:
Je, umewahi kutumia antibayotiki bila ya cheti cha daktari?
Tukaweka vema kwenye Hapana, darasa zima,
wanafunzi thelathini na mmoja, mikono misafi.
Tulifaulu na hilo.

Juzi, mafunzo ya vitendo, maabara ya hospitali.
Kisahani cha kioo, vijiduara sita vya karatasi
vilivyoloweshwa dawa sita.
Kila kiduara kilipaswa kuzungukwa na uwanja mtupu,
mahali kijidudu hakithubutu.
Niliutafuta uwanja.
Vilikuwa vimeota mpaka ukingoni,
vimepanda juu ya herufi za dawa
kama ukoka juu ya kaburi lisilozuriwa.
Fundi akasoma kwa sauti kavu, mimi nikaandika:
sugu, sugu, sugu, sugu, sugu.
Cha sita akanyamaza. Akasogeza taa.
Lebo haikuwa na jina. Namba tu,
halafu: miaka minne, Wete.

Wete ina watoto wengi wa miaka minne.
Nimejiambia hivyo njia nzima.

Mkebe wangu wa kalamu una rula, kifutio,
penseli iliyotafunwa,
na kipande cha karatasi ya bati chenye kapsuli mbili,
kichwa chekundu, kiwiliwili cha njano.
Nimesoma vizuri mimi: zisitupwe chooni,
zisitupwe jaani, asipewe mtu.
Usiku nimekaa nazo, nimezitoa, nimezifumbata
hata kiganja kikatoa jasho
na rangi, zote mbili,
ikaanza kuhamia ngozini.